Samaki nyuma ya kioo, na watoto wasiolijua ziwa



Jumapili moja baada ya misa, hapa Lushebere, simu moja ilipita mikononi mwa watu zaidi ya thelathini. Ndani yake mlikuwa na video iliyotumwa na mama tunayemfahamu sote, ambaye alikimbia vita pamoja na watoto wake, akakaa miaka mingi kambini Uganda, kisha akapokelewa Marekani. Leo anaishi Clarkston, mji mdogo ulio kando ya Atlanta, ambamo Wakongomani wengi waliopitia makambi wamepata makao. Parokia yake ya huko iliwapeleka watoto wa katekisimu matembezi ya siku moja kwenye Georgia Aquarium, akwariamu kubwa ya mji huo, yaani nyumba ya samaki ambamo watu hulipa kiingilio ili watazame viumbe wa majini kupitia ukuta unaopenya macho. Katika video hiyo mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa kambini, amesimama mbele ya maji yaliyo marefu kuliko ukuta wa kanisa letu. Samaki mwenye madoa meupe, mwenye urefu wa lori, anapita polepole juu ya kichwa chake. Mtoto hasemi neno. Ameinua mkono tu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Pamoja na video hiyo mama huyo alituma dolari 200 na ujumbe mfupi: watoto wa nyumbani nao wapate siku moja ya kutazama kitu kizuri.

Tangu Jumapili hiyo hatujaelewana. Mzee mmoja, ambaye neno lake huheshimiwa, alitaka fedha hizo zinunue turubai, maana mvua inanyeshea madaftari ya watoto pale wanapofundishwa. Mama mwenye watoto sita, ambaye shamba lake halifikiki tangu mapigano, alisema kwa utulivu maneno ambayo yametufuata hadi usiku: mtoto mwenye njaa hatazami samaki, humtamani. Vijana nao waliuliza kama Goma hakuna akwariamu, na walipoambiwa hakuna, wakauliza iliyo karibu ni ipi. Sisi tulisema watoto wapelekwe ziwani. Kwa kuwa tulisema hivyo mbele ya watu bila kupewa nafasi ya kueleza, tunaomba kueleza hapa.

Yatupasa kwanza kukiri jambo moja. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulisomea ualimu, tukafundisha jiografia miaka kadhaa, na katika miaka ya kwanza tulilifundisha Ziwa Kivu kwa fimbo juu ya ramani iliyopasuka. Tulisema kina chake ni zaidi ya meta 480, na watoto wakakariri. Tulisema liko kwenye kimo cha meta 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na watoto wakakariri hilo pia. Siku moja mtoto wa darasa la tano akauliza: mwalimu, ukisimama pembeni yake, ng'ambo huonekana? Tukajibu haionekani, kwa sauti ya mtu aliyeona. Hatukuwa tumeliona. Tuliliona baadaye, tukiwa watu wazima, kutoka juu ya kilima kwenye mteremko wa kuingia Sake, na ng'ambo ilionekana: milima ya kisiwa cha Idjwi ilikuwa mbele yetu, ya buluu, wazi kabisa. Yule mtoto alikuwa amekwisha kuacha shule. Hatukupata kumsahihishia.

Kwa hiyo tunapolisemea jambo hili hatusemi kama watu wenye haki ya kuwafundisha wengine. Tunasema kama wadeni.

Turudi kwenye ile nyumba ya samaki, maana baadhi ya wanashirika waliidharau upesi mno. Walisema Wazungu wamekosa kazi hata wakajenga kasri kwa ajili ya samaki. Si haki kusema hivyo kabla ya kujua kitu chenyewe ni nini.

Kumweka samaki hai ndani ya chombo ili atazamwe na kuchunguzwa ni kazi iliyowasumbua watu muda mrefu. Katika miaka ya 1830, mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power, ambaye awali alikuwa mshonaji wa nguo, alikuwa akiishi Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze argonauti, mnyama wa jamii ya pweza aishiye ndani ya gome jeupe. Wataalamu walibishana kama mnyama huyo huiba gome la mwingine au hulijenga mwenyewe. Mshonaji huyo alimtazama kwa uvumilivu, akaonyesha kwamba hulijenga mwenyewe. Mwaka 1850 Mwingereza Robert Warington akaeleza namna samaki, mimea ya majini na konokono wanavyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja, huyu akimsaidia yule: mmea humpa samaki hewa, konokono hula kilichooza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki ya kwanza kwa watu wote.

Kinachowaua samaki katika chombo mara nyingi ni uchafu wao wenyewe. Mkojo na mavi ya samaki, pamoja na mabaki ya chakula, hutoa amonia, na amonia ni sumu. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ndiyo maana akwariamu kubwa ni kiwanda cha kusafisha maji zaidi ya kitu kingine chochote. Yale madirisha mazuri ni sehemu ndogo tu ya kazi. Hata anayechimba bwawa la samaki bondeni kwetu, akaona tilapia wake wakielea asubuhi matumbo juu, huwa amekutana na sheria hiyo hiyo au na upungufu wa hewa majini, ingawa yeye husema amerogwa na jirani.

Akwariamu ya Atlanta ilifunguliwa Novemba 2005, kwa zawadi ya dolari milioni 250 kutoka kwa mfanyabiashara Bernie Marcus. Tangi lake kuu lina lita milioni 24 hivi. Kwetu sisi tunaopanga foleni kwenye bomba, hesabu inaeleweka vizuri zaidi hivi: ni mabidoni 1,200,000 ya lita ishirini. Dirisha lake kubwa lina kimo cha meta 7, na kile tunachokiita kioo si kioo, ni akriliki, aina ya plastiki ngumu yenye unene wa sentimeta 60 hivi, maana kioo cha kawaida kisingestahimili uzito wa maji hayo. Kiingilio cha mtu mzima hupita dolari 40. Wenye kuhesabu wamekwisha kuona kwamba dolari 200 tulizotumiwa zisingewaingiza hata watu wazima watano.

Yule samaki wa madoa ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Hana ukali: hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, akipita kinywa wazi. Wawili wa kwanza waliletwa Atlanta mwaka 2005 kwa ndege kutoka Taiwan. Wote wawili walikufa mwaka 2007. Wengine waliletwa baada yao. Tunalitaja hili kwa sababu watoto wetu walipoitazama video waliuliza kama samaki yule amefungwa, na tukaona ni swali la haki. Papa potwe huyo huyo huonekana huru katika bahari ya Waswahili. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba hivi hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, katika kisiwa cha Mafia, Tanzania. Wavuvi wa huko huwapeleka wageni kwa mashua wakaogelee kando yao. Samaki huyu ana jina la Kiswahili kabla hajawa na tiketi ya Kiingereza.

Basi, je, akwariamu ni gereza? Tunakiri kwamba hatuna jibu moja. Papa wa meta nyingi anayezunguka ndani ya tangi, hata liwe kubwa namna gani, hutuhuzunisha. Lakini kuna habari ya Ziwa Viktoria inayotuzuia kutoa hukumu. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara aliletwa katika ziwa lile, ambalo halikuwa lake. Lilikuwa limejaa samaki wadogo wa jamii ya furu, mamia ya aina, wengi wao wasiopatikana popote pengine. Sangara alikua, akaleta biashara kubwa na viwanda, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wamepukutika. Wataalamu hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Hata hivyo, baadhi ya furu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na wachunguzi wakawekwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, na wapo walioendelea kuzaana humo baada ya ziwa lenyewe kuwapoteza. Gereza likawa kimbilio. Watu waliokaa kambini wanaelewa jambo hilo kuliko sisi: mahali pale pale panaweza kukufunga na kukuhifadhi.

Vijana waliouliza iliyo karibu ni ipi, tuwajibu kwa ufupi. Makumbusho ya Kisumu, nchini Kenya, yana matangi yanayoonyesha samaki wa Ziwa Viktoria, na nia yake ni njema, maana mtu wa ziwani huonyeshwa utajiri wake mwenyewe. Miongoni mwa kubwa barani ni za Cape Town na Durban. Dubai wamejenga nyingine ndani ya soko la kifahari, iliyofunguliwa mwaka 2008. Zote ziko mbali na mfuko wetu.

Hata hivyo kuna jambo linalotuuma. Katika nyumba nyingi za samaki za Ulaya na Marekani, na hata katika masanduku madogo ya sebuleni, wamo samaki waliotoka kwetu. Ziwa Tanganyika lina aina za sikilidi zipatazo 250, karibu zote za ziwa lile peke yake, na Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeishi Bujumbura, alijulikana duniani kwa kuwasafirisha wakiwa hai na kuandika vitabu juu yao. Tetra wa Kongo, samaki mdogo mwenye mapezi kama pazia, huuzwa katika maduka ya wanyama ya nchi za baridi. Mtoto wa Ujerumani anaweza kumlisha samaki wa Kongo kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Mtoto wa Lushebere anamjua samaki akiwa makayabu, mgumu kama ubao, mwenye chumvi, aliyevuliwa katika bahari ya mbali. Au akiwa sambaza mkavu anayepimwa kwa kikombe sokoni. Hatujui watoto wangapi katika darasa letu wamewahi kumwona samaki akipumua. Tulipowauliza wainue mikono, ilikuwa mitano, na yote mitano ya watoto wanaoishi karibu na mabwawa ya bondeni.

Na ziwa liko wapi? Kutoka Lushebere kupitia Katale, Bihambwe na Mushaki hadi Sake, kilometa hazifiki 70. Ziwa Kivu hutosha kulijaza lile tangi la Atlanta zaidi ya mara milioni 20. Halina tiketi. Na habari zake zinashinda za akwariamu yoyote, kama kuna mtu wa kuwasimulia watoto.

Zamani maji ya Kivu yalitelemka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkeno za Virunga zilipoinuka, ziliziba njia. Maji yakapanda, yakatafuta mlango mwingine, yakatoka kusini kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Kutoka Tanganyika huenda Lualaba kwa mto Lukuga. Na mto wetu Osso, ambao watoto huvuka wakienda shambani, hushuka Walikale, huingia Lowa, na Lowa huingia Lualaba vilevile. Tulipowachorea watoto habari hii ubaoni, mmoja alisema: kumbe tutakutana na ziwa mbele. Ni kweli. Maji ya Masisi na maji ya Kivu hukutana, lakini mbali mno.

Ajabu nyingine ni kwamba ziwa kubwa namna hii lina samaki wachache. Hawafiki aina 30 za asili, wakati Tanganyika ina mamia. Sababu mojawapo iko chini: kuanzia kina cha meta 60 hivi hakuna oksijeni, na katika vilindi imeyeyuka gesi nyingi sana ya kaboni na metani. Samaki hukaa juu tu, kama watu wanaoishi kwenye ghorofa ya mwisho ya jengo ambalo chini halikaliki. Hata sambaza, ambaye tunamwita chakula chetu cha asili, ni mgeni: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vile viumbe vidogo vinavyoelea. Kisha mwaka 2006 akagunduliwa ziwani samaki mwingine kutoka Tanganyika, anayeshindana na sambaza kwa chakula. Mkimbizi wa kwanza alilisha wenyeji. Wa pili bado anajadiliwa. Mnaona wenyewe masomo yaliyomo.

Tena upo uvuvi wenyewe. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, na wavuvi hupiga kasia usiku kwa wimbo. Sambaza huvutwa na mwanga, wavu huinuliwa. Usiku wa mbalamwezi mavuno hupungua, maana mwanga umetapakaa kila mahali na taa haina tena cha kuahidi. Mtoto aliyeona taa hizo, au hata nyavu zikianikwa mchana kule Kirotshe, hatapima tena sambaza sokoni kwa jicho lile lile.

Wako waliotukumbusha maziwa ya Mokoto, yaliyomo katika Masisi yetu, karibu na monasteri ya Watrapisti iliyoanzishwa mwaka 1954. Wamesema vema, na moyo wetu uko huko. Lakini njia ya upande ule hatuwezi kuwaingizia watoto wa watu kwa sasa. Tuliache.

Sasa turudi kwa yule mama wa watoto sita, maana wengine wote tunaweza kubishana nao, lakini yeye amesema kweli. Mtoto mwenye njaa hatazami. Ndiyo maana katika pendekezo letu chakula ndicho cha kwanza: watoto wale kabla ya kuondoka, na wale tena ziwani, sambaza wa kukaanga kwa ugali, kila mmoja shibe yake. Mtoto wa kwao mama huyo asiwe wa kulipiwa kwa huruma mwishoni kama nafasi imebaki. Jina lake liandikwe mwanzoni. Lakini tumwombe mama atukubalie neno moja. Watoto wetu wamelala njaa siku nyingi ambazo hakuna safari iliyofanyika. Kila tulipopata kidogo, tulisema kwanza mahindi, kwanza turubai, kwanza dawa, na tulisema sawa. Na miaka ikapita, na watoto wale wakawa watu wazima ambao kitu pekee walichowahi kusafiria ni risasi. Waliiona barabara ya Sake wakiwa na godoro kichwani. Hatukuwahi kuwapitisha barabara ile kwa furaha hata siku moja. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliona kwamba asiyefundishwa kusimama mbele ya kitu kizuri akakistaajabia atakiona kila kitu kuwa cha kutumiwa tu. Sisi tumeona matokeo yake hapa hapa milimani, katika mashimo na katika misitu, na hatuhitaji kuyaeleza.

Kuhusu hatari, hatuzifichi. Pwani ya Sake na Goma ina mazuku, mashimo na mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni hutulia kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani. Mtu mzima anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto, kwa kuwa pua yake iko chini zaidi, anaanguka. Asubuhi mapema na mahali pasipo upepo ndipo pabaya. Kwa sababu hiyo hakuna mtoto atakayeachwa acheze mabondeni, na kiongozi atakuwa mwenyeji wa pale. Kuogelea hapana. Wale wanaotaka watoto wabatizwe tena katika Kivu wavumilie.

Barabara ni hatari ya pili. Wakati wa mvua malori hukwama matopeni siku mbili, tatu, na vizuizi vya njiani hudai chake. Tunapendekeza wiki za kiangazi, kuondoka saa kumi na mbili, kurudi kabla jua halijatua, na kuahirisha bila aibu kama habari za asubuhi ni mbaya. Safari iliyoahirishwa mara tatu ni afadhali kuliko ile moja tutakayoijutia. Kama njia itafungwa kabisa, tutaanza na mabwawa ya bondeni: watoto wakae ukingoni saa nzima, watazame tilapia akilinda mayai kinywani mwake, na kila mmoja aandike alichokiona. Jeanne wa Messina naye alianza na sanduku.

Watoto wenyewe wamekwisha kuanza. Tuliwaomba wiki iliyopita waandike maswali watakayomwuliza mvuvi. Mmoja ameuliza kama samaki hulala. Mmoja ameuliza kama ziwa lina mwenyewe. Msichana mmoja, ambaye wazazi wake walikuja hapa kwa kukimbia, ameuliza kama sambaza wanajua kwamba hawakuzaliwa humo. Mvuvi atajibu anavyoweza. Sisi hatutajibu kwa sauti ya mtu aliyeona.

Dolari 200 haziwezi kukodi lori na kulisha watoto thelathini, hilo tumelihesabu. Upungufu uchangwe kwa viazi, maharage na kuni kwa anayeweza, na asiyeweza asiulizwe. Mama mweka hazina anazo fedha zile katika bahasha, hazijaguswa. Mkutano utakuwa Jumapili ijayo baada ya misa, chini ya mti kama kawaida. Wanaokubali waje na jina la mtoto na namba ya simu ya jirani. Wasiokubali waje pia, na hesabu ya turubai mkononi, kwa maana mvua haijaacha kunyeshea madaftari.